Bahasha ya Kaki: Kukadiria Hatari ya Saratani ya Tezi Dume Kurudi Baada ya Upasuaji

Tezi dume iliyotolewa kwa upasuaji wa saratani haikatwi maabara kabla ya kupakwa wino. Inapakwa nje pande zote, mara nyingi rangi moja kulia na nyingine kushoto, kama ndimu iliyochovywa kwenye rangi. Baada ya hapo ndipo inakatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya darubini. Wino ule unamwonyesha mwanapatholojia mpaka, yaani mahali kisu cha mpasuaji kilipopita. Seli za saratani zikiishia kabla ya kuufikia wino, ukingo ni safi. Zikiugusa wino, basi kisu kilipita kwenye ugonjwa wenyewe, na huenda kuna kilichobaki ndani ya mgonjwa.

Mabibi na mabwana, naona kina mama mmeketi mbele na wanaume mmejaza viti vya nyuma karibu na mlango. Ndivyo ilivyo hata kliniki kwangu. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwanaume aliyefanyiwa upasuaji huu huniuliza, wengine kwa mdomo, wengine kwa kumsukuma mke aulize: itarudi? Nimeanza na wino kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imeandikwa kwenye karatasi ya majibu ya kinyama, yaani ripoti ya mwanapatholojia huyo, na wanaume wengi ninaowaona hawajawahi kuishika karatasi hiyo.

Mzee mmoja, mkulima wa korosho, alikuja kwangu na bahasha ya kaki iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na majibu yake yote ya kipimo cha PSA kwa miaka 6 tangu afanyiwe upasuaji, yamepangwa kwa tarehe kuliko faili nyingi za hospitali. Alikuwa na wasiwasi kwa sababu namba iliyokuwa haionekani kwa miaka 4 ilikuwa imeanza kuonekana. Nikamwuliza majibu ya kinyama yako wapi. Akasema, "Yale niliambiwa yanabaki hospitali, daktari." Tulihangaika miezi miwili kuyapata. Hospitali yenyewe siitaji, kwani siyo hiyo tu inayofungia majibu kabatini. Muda wote huo nilikuwa nimeishika nusu ya hesabu, na nusu nyingine ilikuwa imelala gizani.

Nitamrudia mzee huyu. Kwanza tuseme hesabu hiyo ni ya nini.

Upasuaji wa kuondoa tezi dume yote kwa ajili ya saratani una zaidi ya miaka 100. Hugh Hampton Young aliufanya mwaka 1904 katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kwa miongo mingi watu waliuogopa kwa damu nyingi waliyopoteza, kwa mkojo usiozuilika na kwa kupotea kwa nguvu za kiume, hadi Patrick Walsh, hospitali hiyohiyo, alipoonyesha mwaka 1982 namna ya kuilinda mishipa ya fahamu inayopita kando ya tezi. Lakini hata mpasuaji hodari wa miaka hiyo alikuwa kipofu kwa jambo moja. Mgonjwa akishashonwa na kwenda zake, hakukuwa na njia nzuri ya kujua kama ugonjwa umebaki. Walisubiri. Mtu akirudi analalamika mgongo au nyonga, wakapiga picha ya mifupa, wakajua. Kwa maneno mengine, waligundua ugonjwa umerudi baada ya kuwa umeshajenga nyumba.

PSA ndiyo iliyobadilisha mambo. Ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume, nzima kwa gonjwa, na kiasi kidogo huvuja kuingia kwenye damu. Wengi mnakijua kipimo hiki kama cha kumtafuta mgonjwa mpya, na kwa kazi hiyo kina ubishi mwingi, kwa kuwa tezi iliyovimba kwa uzee tu nayo inaipandisha. Lakini Marekani ilipokiidhinisha mara ya kwanza, mwaka 1986, ilikiidhinisha kwa kuwafuatilia watu waliokwisha kugundulika na saratani. Idhini ya kukitumia kusaidia kugundua ugonjwa ilikuja mwaka 1994. Nami nadhani kazi ile ya kwanza ndiyo inayokifaa zaidi. Mtu mwenye tezi ana sababu kumi za PSA kupanda. Asiye na tezi amebakiwa na chache mno.

PSA iliyomo kwenye damu inapungua nusu kila baada ya siku 2 au 3 chanzo chake kikiondolewa. Mzee wetu wa bahasha alikuwa na PSA ya nanogramu 12 kwa mililita kabla ya upasuaji. Hesabuni pamoja nami kwa siku tatu tatu: 12, 6, 3, 1.5, 0.75, na kuendelea. Baada ya wiki 3 iko chini ya 0.1. Baada ya wiki 6 hakuna mashine ya kawaida itakayoiona. Ndiyo maana tunawaambia watu waje kupima baada ya wiki 6 hadi 8, wala si wiki ya pili, ambapo wataiona namba na kulia bure. Na ndiyo maana yule ambaye wiki hizo zimepita na namba yake bado inaonekana wazi tunamweka fungu lake mwenyewe. Kwake hatusemi saratani imerudi. Tunashuku haikuondoka yote, na hatumwachi asubiri.

Haya, tuingie kwenye karatasi ya kinyama. Kitu kinachotazamwa kwa hofu zaidi hapo ni alama ya Gleason. Donald Gleason alikuwa mwanapatholojia katika hospitali ya maveterani, Minneapolis, na mwaka 1966 alitoa mpangilio ambao mpaka leo hatujauacha. Alichofanya ni chepesi kukieleza na kigumu kukifikiria. Wenzake walikuwa wanaikodolea macho seli moja moja, wakiuliza kiini chake kimekaaje. Yeye alirudi nyuma, akapunguza ukuzaji wa darubini, akatazama mpangilio wa seli zote pamoja, kama mtu anayeutazama mtaa kutoka juu ya ghorofa. Mtaa uliopimwa viwanja una nyumba zinazoonekana moja moja, kila moja na ua wake. Mtaa uliovamiwa una nyumba zilizoingiliana, na mwishowe huoni njia wala nyumba, ni mabati tu. Aliichora mipangilio hiyo, kuanzia namba 1 mpaka 5, kisha akailinganisha na wagonjwa waliokufa na waliopona.

Kwa kuwa tezi moja huwa na mitaa ya aina zaidi ya moja, tunaandika namba mbili: ya kwanza ni ile iliyoenea zaidi, ya pili ndiyo inayoifuata. Hapa hesabu ya shule ya msingi inatuponyoka. Tulifundishwa kwamba 3 jumlisha 4 ni sawa na 4 jumlisha 3. Kwenye karatasi hii si sawa hata kidogo. Jumla ni 7 kote kuwili, lakini mwenye 4 ya mbele ana mtaa mbaya umetawala, na ugonjwa wake una kawaida ya kurudi mara nyingi zaidi. Wataalamu walipokutana Chicago mwaka 2014 walikubaliana kuligawa suala hili kwa madaraja 5, ambapo 3+4 ni daraja la 2 na 4+3 ni daraja la 3. Daraja la 4 na la 5 ndiyo yale yenye jumla ya 8, 9 na 10. Ukiambiwa tu "Gleason 7", mwombe daktari akusomee namba zote mbili kwa mpangilio wake.

Yako mengine kwenye karatasi hiyo, nitayapitia haraka. Je, saratani imetoboa ganda la tezi na kutoka nje? Imeingia kwenye vifuko vya manii, vilivyokaa nyuma ya kibofu? Imefika kwenye tezi za limfu, ndugu wa zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mtoki? Na ule wino, umeguswa?

Madaktari wa zamani waliyachanganya haya yote kichwani na kutoa neno. Mwenye moyo mwepesi alimtia mgonjwa matumaini, mwenye moyo mzito akamwandalia mazishi, wote wawili wakiwa wameshika karatasi ileile. Miaka ya 1990 watu walianza kuyaweka kwenye hesabu. Michael Kattan na wenzake, mwaka 1998 na 1999, walichora mistari ya vipimo iliyopangwa juu na chini kwenye ukurasa mmoja. Unaweka rula, unasoma alama, unajumlisha, unapata asilimia. Leo rula imekuwa programu ya simu.

Mimi mbele ya mgonjwa napenda zaidi kipimo cha CAPRA-S, kwa sababu kinahesabika kwa vidole. Matthew Cooperberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitoa mwaka 2011 baada ya kufuatilia wanaume 3,837 waliofanyiwa upasuaji. PSA ya kabla ya upasuaji: mpaka 6 haina alama, zaidi ya 6 mpaka 10, alama 1, zaidi ya 10 mpaka 20, alama 2, kupita 20, alama 3. Gleason 3+4 alama 1, 4+3 alama 2, kuanzia 8 alama 3, na iliyo chini ya 7 haipati kitu. Wino ukiguswa alama 2. Vifuko vya manii vikiingiwa alama 2. Ganda likitobolewa alama 1, tezi za limfu zikiwa na ugonjwa alama 1. Jumla ya juu kabisa ni 12. Kuanzia 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 5 ni ya kati, 6 na kuendelea ni kubwa.

Karatasi ya mzee wa korosho ilipopatikana ilisomeka hivi: Gleason 3+4, ganda limetobolewa sehemu ndogo, vifuko salama, tezi za limfu safi, wino haukuguswa. Kwa PSA ya 12 anapata 2, kwa Gleason 1, kwa ganda 1. Jumla 4, hatari ya kati. Sasa oneni wino ulivyo na nguvu. Kama seli chache tu zingeugusa, angepata 6 na kuhamia kundi la hatari kubwa, ilhali mwili ni uleule na tezi ni ileile. Alama hizo mbili zinategemea ugonjwa ulivyokaa, lakini pia zinategemea mkono wa aliyekata. Nalisema hili nikiwa mpasuaji, na si jambo ambalo wapasuaji tunapenda kulisema ukumbini.

Mtu mmoja nilipomwambia hatari yake ni 30 kwa 100 aliniuliza kama asilimia 30 ya mwili wake ina ugonjwa. Wenzangu walicheka nilipowasimulia. Mimi niliona ametuuliza tunachostahili kuulizwa, kwa sababu tunazitupa asilimia kama karanga bila kusema ni asilimia ya nini. Maana yake ni hii: tukiwakusanya wanaume 100 wenye karatasi zinazofanana na yako, baada ya miaka tuliyoitaja, 30 watakuwa PSA yao imerudi na 70 hapana. Daktari hajui wewe ni wa kundi lipi. Akikwambia anajua, anakudanganya kwa nia njema.

Na upo usahihi wa kipimo chenyewe. CAPRA-S ilipopimwa na walioitunga ilipata 0.77 kwenye kigezo ambacho ninakieleza hivi: chukua wanaume wawili wawili, mmoja ugonjwa umemrudia mapema kuliko mwingine, kisha kiulize kipimo ni nani kati yao aliyekuwa na hatari zaidi. Katika jozi 100 kitapatia kama 77. Mwenye kurusha shilingi hewani atapatia 50. Kwa hiyo kipimo kinajua jambo, tena jambo la maana, lakini karibu robo ya jozi kinazikosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri hivyo mkulima ataisikiliza, atapanda, na bado hatauza mbegu zote za akiba.

Kuna suala la hao 3,837 ni kina nani. Ni Wamarekani, wengi wao weupe, na wengi waligunduliwa kwa kipimo cha damu wakiwa hawana dalili yoyote. Wagonjwa wetu si hao. Huku Afrika Mashariki mwanaume huja mkojo ukishaziba au mgongo ukishauma, na wengi, upasuaji wa kuondoa tezi yote umeshawapita. Wanaoupata ni wachache, na mara nyingi PSA yao ya mwanzo iko juu ya 20. Twajua pia kwamba Wamarekani weusi hugundulika na saratani hii zaidi kuliko weupe na hufa nayo takriban mara mbili yao, ingawa pale wanapopata matibabu yaleyale pengo linapungua sana. Kwa hiyo kipimo kilichotungwa San Francisco kinaweza kuwapanga watu wetu vizuri kutoka hatari ndogo kwenda kubwa, halafu asilimia zake zikawa si zetu. Ni kama kuchukua kiasi cha mvua ya Njombe kukikadiria kwa Dodoma. Msimu wa mvua utaujua, milimita utazikosa.

Dawa ya hilo ni kuwa na daftari letu wenyewe, na daftari letu lina tundu. Mgonjwa akishapona jeraha anarudi kijijini. Nauli ni ghali, bima hailipi kila kitu, mwaka wa pili haji tena. Kwenye rejista anabaki bila alama ya kurudiwa, na mtafiti asiye mwangalifu atamhesabu amepona. Mwingine amekwishazikwa. Nikiona takwimu za kliniki yoyote ya huku zinazopendeza kupita kiasi, swali langu la kwanza ni wangapi walipotea.

Sasa tuje kwenye miaka baada ya upasuaji, maana kadirio la siku ya kwanza linachakaa. Marudio mengi huonekana miaka 5 ya mwanzo. Mtu aliyeimaliza akiwa hana PSA inayoonekana si yule aliyepewa asilimia siku ya kutoka wodini, hatari yake imeshuka, na ajabu ni kwamba wengi hawaambiwi. Wanaendelea kuibeba namba ya zamani kama deni lililokwisha kulipwa.

Mstari tunaoutumia sana ni 0.2. PSA ikifika 0.2 au kuupita, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunasema imerudi kwa kipimo cha damu. Naomba mlishike neno hilo la mwisho, "kwa kipimo cha damu". Hakuna uvimbe unaoonekana, hakuna maumivu, mtu analima na kucheza bao. Na chini ya mstari huo kuna mateso ya aina yake. Mashine za siku hizi zinasoma hadi 0.01. Mwanaume anapata 0.01, miezi mitatu baadaye 0.02, anapiga simu saa nne za usiku: imeongezeka mara mbili! Hapana, bwana. Hiyo ni mashine kupumua. Ukipima damu ileile asubuhi na jioni unaweza kuipata tofauti hiyo. Na ukibadilisha maabara, leo Kariakoo kwa sababu ni karibu, kesho Moshi kwa sababu umeenda harusini, unalinganisha mizani mbili za wafanyabiashara wawili. Maabara moja, mashine moja, karatasi zote zitunzwe.

Je, ikithibitika imerudi, ndiyo mwisho? Mwaka 1999 Charles Pound na wenzake wa Johns Hopkins walichapisha habari za wanaume 1,997 waliofanyiwa upasuaji na daktari mmoja, Walsh yuleyule, kati ya 1982 na 1997. PSA iliwarudia 315, yaani takriban 16 kwa 100. Kati ya hao, 304 hawakupewa tiba ya homoni mapema, na hao ndio walioufunza ulimwengu, kwa kuwa waliachwa mpaka ugonjwa uonekane. Ambao ugonjwa uliwasambaa mwilini ni 103. Muda wa kati tangu PSA ionekane hadi ugonjwa usambae ulikuwa miaka 8, na kutoka hapo hadi kifo miaka mingine 5. Wazee wangu, jumlisheni: 13. Mtu wa miaka 74 akiambiwa "imerudi" anasikia mauti iko mlangoni, kumbe kwa wengi iko mbali kuliko shinikizo lake la damu, au bodaboda anayopanda kila Ijumaa.

Lakini huo ni muda wa kati, na huku na huku kwake kuna watu waliotofautiana mno. Kinachowatenganisha zaidi ya kitu kingine ni kasi, muda ambao PSA inachukua kujizidisha mara mbili. Mnaijua mikopo ya kausha damu. Ukikopa 200,000 na deni likawa 300,000 baada ya miezi 6, na 450,000 baada ya mwaka, hukuongezewa 100,000 kila mara, uliongezewa nusu ya ulichokuwa nacho. PSA ya saratani inayokua hupanda hivyohivyo. Mwenye 0.2 Januari, 0.3 Julai na 0.45 Januari inayofuata, PSA yake inajizidisha mara mbili kila miezi 10 hivi. Mwingine anatoka 0.2 hadi 0.3 kwa miaka miwili. Wake ni kama miezi 41. Wote wawili wameambiwa neno moja, "imerudi", na wana magonjwa mawili tofauti.

Stephen Freedland na wenzake mwaka 2005 waliwagawa waliorudiwa kwa kasi hiyo, chini ya miezi 3 wakiwa wabaya kabisa na miezi 15 kwenda juu wakiwa wepesi, wakaongeza na kama ilirudi ndani ya miaka 3 ya upasuaji au baada yake, na Gleason kama ilifika 8. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Ulaya unarahisisha zaidi: muda wa kujizidisha ukizidi mwaka mmoja na daraja la kinyama likiwa chini ya 4, hatari ndogo. La sivyo, kubwa. Kwa mambo mawili tu unapata kujua mengi, na yote mawili yanategemea karatasi ambazo mgonjwa anapaswa kuwa nazo.

Kwa nini tukadirie kwa bidii hivi? Kwa sababu ya mionzi. Kwa muda mrefu mwenye wino ulioguswa au ganda lililotobolewa alipelekwa mionzini mara tu jeraha lilipopona, ili kuua kilichobaki kabla hakijajitokeza. Utafiti wa RADICALS, uliochapishwa mwaka 2020, uliwagawa kwa kura wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Canada na Ireland. Nusu walipigwa mionzi mapema, nusu walisubiri na kupigwa tu ikiwa PSA itafika 0.1 au kupanda mara tatu mfululizo. Baada ya miaka 5, walioendelea bila PSA kurudi tena walikuwa 85 kwa 100 kwa waliowahishwa na 88 kwa waliosubiri. Hakuna faida iliyoonekana ya kuwahi, na waliowahishwa walisumbuliwa zaidi na mkojo, wengine njia ikaziba. Wengi wa waliosubiri hawakuhitaji mionzi kabisa.

Sikilizeni lakini masharti ya kusubiri huko. Wale walipimwa kwa ratiba, na mionzi ilikuwapo siku PSA ilipopanda. Mionzi ya kuokoa hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Mwenye hatari kubwa anayeishi siku mbili za basi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambaye najua hatarudi kupima, sithubutu kumwambia "tusubiri" kwa kunukuu Uingereza. Hapo hatari ya saratani naijumlisha na hatari ya barabara.

Kuna vya kisasa zaidi, nitavigusa tu. Kiko kipimo cha Decipher kinachosoma jeni 22 kwenye kinyama kilekile, na bei yake kwa wengi humu ni shamba. Kuna picha ya PET yenye dawa inayong'ang'ania protini ya PSMA juu ya seli za saratani, ikaonyesha ugonjwa umejificha wapi. Mashine za PET zipo Nairobi, na wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka mpaka kwenda huko. PSA ikiwa ya chini sana hata picha hiyo mara nyingi hutoka tupu, na tupu si sawa na safi. Kuhusu dawa za mitishamba za tezi dume zinazotangazwa redioni kila asubuhi baada ya taarifa ya habari, sina kadirio lolote la kuwapa, kwa sababu wauzaji hawajawahi kuhesabu.

Mzee wa bahasha, basi. Kinyama 3+4, wino safi, alama 4, miaka 4 bila PSA, kisha 0.2, na miaka miwili baadaye 0.3. Miezi 41. Umri 74, sukari na presha anazo. Nilikaa naye pamoja na mkewe na daktari wa mionzi. Mtu wa miaka 55 mwenye namba hizohizo tungeelekea kwenye mionzi, maana ana muda wa kutosha wa ugonjwa wa polepole kumfikia. Kwake tuliona mionzi itamletea shida ya mkojo leo kwa ajili ya hatari ya miaka ambayo huenda asiishi. Tulikubaliana apime kila baada ya miezi 6, na tukaandika namba ambayo ikivukwa tutakaa tena. Mkewe alitaka iandikwe kwa maandishi makubwa.

Mzee alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: kama miezi 6 inaweza kusogezwa iwe 7, kwa sababu ya sita inaangukia msimu wa kuokota korosho. Nikamwambia inaweza. Akaingiza karatasi ya kinyama kwenye bahasha, mbele ya zote, ikakataa kuingia. Akaomba bahasha mpya.

Nipo tayari kwa maswali. Tuanze na viti vya nyuma.